Ukungu wa Mama Maboksi

Ukungu ulihama wenyewe.

Makasi ndiye aliyeuona kwanza, mchana kweupe, kwenye chumba cha kuhariria filamu. Zamani kilikuwa stoo ya viti vya chuo, madirisha sasa yamebandikwa karatasi nyeusi ili mwanga usisumbue kompyuta. Makasi ni binti wa kukata na kuunga picha, jina kapewa na darasa. Pembeni yake kakaa Dairekta, mwenye filamu. Yeye jina kajipa mwenyewe, na hata mama yake mzazi anamwita hivyo hivyo.

"We Dairekta, umejiziba uso?"

"Nijizibe mimi? Na uzuri wote huu?"

"Tazama basi."

Filamu yao ya kumalizia chuo ilihusu watu wanaolala nje, na mwanzoni Dairekta anasimama mbele ya kamera anaeleza. Sasa pale penye uso wake palikuwa na kitu cheupe kinatetemeka, kama mtu kapumulia kioo. Makasi akatafuta kimetokea wapi, hakuona. Akafuta kipande kizima, akakiweka upya. Kikarudi.

Wote wawili waliujua ule ukungu. Makasi aliutengeneza kwa mkono wake, ila aliuweka kwa mtu mwingine.

Mama Maboksi alikuwa analala mlangoni pa duka la viatu lililofungwa, juu ya maboksi yake. Alikubali kupigwa picha kwa sharti moja. "Wanangu, ongeeni na mimi mpaka mchoke, ila sura yangu msiitoe. Nimemkimbia mume. Kaapa akinipata ananimaliza." Dairekta naye akaapa, mkono kifuani. Makasi akamziba uso kwa ukungu, kazi safi.

Filamu inakaribia kuisha, Dairekta yuko peke yake, akauondoa ukungu achungulie tu. Akaona yule mama anavyolia. Jamani, machozi yale! Akakata kipande cha dakika moja, sura wazi, akakirusha mtandaoni. Watu wakakisambaza balaa. Mume naye ana simu. Wafagia barabara ndio waliomkuta Mama Maboksi asubuhi, amelala juu ya maboksi yake, shingo imegeukia kusikotakiwa.

"Turudishe ukungu," Makasi alimwambia siku ile, analia. "Angalau kwenye filamu yenyewe."

"Wa nini? Ameshakufa, nani ataumia? Tena sasa ndiyo imekuwa nzito. Mwishoni tunaandika 'kwa kumbukumbu'. Ukumbi mzima utalia, dada. Ijumaa tukiionesha, tunafaulu."

Aliyasema hayo kwenye kiti hicho hicho alichokalia sasa, anajitazama hana uso.

"Kompyuta imechoka hiyo," akasema. "Izime, uiwashe."

"Unasikia harufu?"

Ilikuwa harufu ya boksi lililoloa, na nje jua linawaka. Halafu chini ya meza kikaanza kitu kama kadibodi inaburuzwa kwenye sakafu, kwaru, kwaru. Makasi akainua miguu juu ya kiti. Dairekta akainama kuangalia, hakuna kitu, ila mlio ukahamia kwenye hedifoni zake, na ndani ya mlio mna sauti.

"Mlisema hamtaitoa."

Akazivua kama zinaungua.

"Mrudishie ukungu wake! Haraka!" akanong'ona. "Mzibe!"

Makasi akafungua sehemu ya Mama Maboksi, akaweka ukungu. Ukateleza. Akaweka tena, ukateleza tena. Na yule mama, ambaye siku ile ya kamera alilia mwanzo mpaka mwisho, akaacha kulia. Akafuta pua na kitenge. Akawatazama.

"Usijisumbue, binti. Nijifiche nini? Sina wa kumkimbia tena. Ukungu wangu nimempa mwenzako."

Walitoka mbio mpaka uwanjani. Dairekta akachomoa simu ampigie mama yake. Ni simu ya kufunguka kwa sura. Akaielekeza usoni, ikamkataa. Akajifuta jasho, ikamkataa. Akamgeukia Makasi.

"Niangalie. Niko sawa?"

Makasi alimwangalia, macho yakateleza yakaangukia kwenye kola ya shati. Alimjua kwa shati tu.

Mjomba wake Makasi anatoa majini. Wakamkimbilia. Mzee akawasha ubani, akainua chetezo, akabaki kakishika hewani.

"Nimfukize nani? Mbona mmeniletea shati?"

"Mjomba, usitutanie!"

"Sikutanii, mwanangu. Majini mengine yanataka vitu, tunayapa, yanaondoka. Hili halitaki kitu. Linamtaka yeye." Akazima makaa kwa maji. "Rudini kwenu."

Ijumaa filamu ikaoneshwa, maana Makasi alipojaribu kuifuta ilikataa kufutika. Ukumbi mzima ulilia kweli. Wakapiga makofi wamesimama, wakaita, "Dairekta! Dairekta!" Yeye akapanda jukwaani anapunga mikono, na mlinzi akamshika kola akamuuliza anataka nini. Akasema ni mimi, na mlinzi akataka kitambulisho, na kwenye kitambulisho jina lipo lakini picha ni weupe mtupu, na watu wakaanza kusogea nyuma wanaziba pua kwa ajili ya ile harufu, na Makasi akapiga kelele kwamba ni yeye, lakini alipotakiwa kumwonesha kwa kidole mkono wake ukazunguka ukumbi mzima bila kujua utue wapi, na Dairekta akasukumwa mlangoni, akakimbia barabara baada ya barabara kuelekea mahali pekee duniani ambapo hakuna haja ya uso wala kitambulisho, akaupiga mlango wa nyumbani kwao kwa ngumi zote mbili.

Mama yake akafungua kidogo, mnyororo bado umefungwa.

"Nani?"

"Mama, ni mimi. Nifungulie, mama, nakuomba."

Mama akakunja uso. Sauti ilimgusa, ilionekana. Akainamisha kichwa asikie vizuri.

"Wewe nani? Mbona unaongea kama mwanangu?"

"Ndiye mimi! Ulinizaa mwenyewe, mama! Nishike mkono!"

Akapenyeza mkono mlangoni. Mama akausogelea, akataka kuushika. Halafu nyuma yake, kwenye taa ya sebuleni, akatokea kijana msafi, nywele mbichi ametoka kuoga, taulo shingoni. Uso ni ule ule aliopoteza Dairekta, na uzuri wake wote. Akamzungushia mama mkono begani.

"Dairekta, mwanangu," mama akasema, "unamjua huyu?"

Yule akainama, akamtazama Dairekta kwenye upenyo wa mlango, taratibu, kama anayekagua picha kabla ya kuikata.

"Simjui, mama. Ni hawa wanaolala nje. Funga mlango."