Miruko Arubaini ya Dalal

Kila Jumatatu na Alhamisi, masomo yakimalizika, wasichana wa timu ya netiboli walikusanyika kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya skuli yao, mtaa wa Ng'ambo. Mwalimu Shemsa aliwapangia visanduku vya mbao. Aliwafundisha kurukia juu yake miguu pamoja, kushuka, na kuruka tena papo hapo mguu unapogusa chini. Aliwataka watue taratibu, magoti yamekunjwa. Miruko ilikuwa arubaini kwa siku, isizidi hata mmoja.

"Mpira hausubiri," aliwaambia. "Haya mazoezi yatawapa nguvu za ghafla, mruke kabla mpinzani wenu hajauwahi."

Dalal, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa mfupi kuliko wote. Alitamani mno kuchaguliwa kwa mashindano ya skuli yatakayofanyika uwanja wa Amani mwisho wa muhula, na miruko arubaini aliiona michache. Kwa hiyo kila jioni akirudi kutoka chuo cha Kurani alipanda ngazi za ghorofa lao, Michenzani, kwa kurukaruka hadi juu kabisa, mara tatu. Siku moja jirani wa ghorofa ya pili, Bi Badriya, alitoka kuuliza nani anatwanga kisamvu ngazini.

Baada ya wiki tatu walipimwa tena, kama walivyopimwa siku ya kwanza. Kila msichana alipaka chaki vidoleni, akaruka na kugusa ukuta. Alama ya Ilham, rafiki wa Dalal, ilipanda kwa upana wa vidole viwili. Ya Dalal ilishuka, na magoti yalimuuma. Mwalimu alimwita pembeni akamuuliza kama anafanya mazoezi mengine nyumbani. Dalal aliogopa kuachwa, akajibu kuwa hafanyi.

Mwalimu Shemsa alimwamini. Siku ya pili alitangaza kuwa huenda mazoezi yanawaumiza, hivyo hawataruka tena mpaka mashindano yapite. Ilham alibeba visanduku kuvirudisha stoo, uso umemshuka. Dalal alipomuona, moyo ulimuuma kuliko magoti. Wenzake walikuwa wananyimwa kitu kinachowafaa kwa sababu ya uongo wake.

Alikwenda mwenyewe ofisini.

"Mwalimu, nilikudanganya," alisema. "Nnaruka ngazini kila siku. Mazoezi yako hayana kosa."

Mwalimu hakugomba. Alivuta kiti, akamuuliza anaruka ngazi ngapi na goti linauma wapi. Kisha akampumzisha siku kumi. Visanduku vilirudi kiwanjani, na Dalal akapewa kazi ya kuwahesabia wenzake. Aliyetua kwa kishindo alirudishwa nyuma. Ilham alilalamika kuwa hesabu za Dalal ni kali kuliko za mwalimu.

Maumivu yalipokwisha, alianza tena polepole, na safari hii chaki yake ilipita alama ya mwanzo. Aliingia kwenye timu kama mchezaji wa akiba. Kule Amani aliingizwa robo ya mwisho, akaruka na kuunyakua mpira mbele ya msichana aliyemzidi kichwa kizima. Wakashinda kwa goli moja.

Walipokaa kunywa maji, Mwalimu Shemsa aliwatazama wote.

"Mwili hujengeka kwa mazoezi na kwa mapumziko," alisema. "Lakini mimi siuoni kwa ndani. Mkiniambia kweli, ndipo nitakapojua niwafundishe nini."