Aliyekula Punje ya Pili

Haya yalimpata Jovitha wa Chonyonyo, ambaye migomba yake inapakana na yetu. Alinisimulia mwenyewe tukimenya ndizi, na alipomaliza hakutaka nimpe pole.

Siku aliyoanza kazi ilikuwa Jumatatu ya kawaida tu, jua la wastani, mji wa Kayanga umejaa bodaboda. Mfanyabiashara Telesfori alikuwa amefungua duka ambalo wilaya nzima haijawahi kuona mfano wake. Milango ya vioo, na ndani suti, manukato, makochi ya ngozi, magauni ya harusi yamevalishwa masanamu. Juu ya mlango, kwa herufi za dhahabu: NYUMBA YA TELESFORI.

Kazi ya Jovitha ilikuwa kukaa mkekani pale mlangoni na kikapu cha kahawa ya kutafuna, akaribishe wateja kama mtu anavyokaribishwa nyumbani. Watu walilipenda hilo kuliko hata bidhaa.

"Duka la kitajiri hivi, na bado unapewa kahawa kama kwa shangazi!"

Sharti lilikuwa moja. Kila ganda la kahawa lina punje mbili zinazotazamana. Jovitha alipasua ganda mbele ya mteja na kumpa punje moja. Ya pili aliitia kwenye kibuyu kilichokaa miguuni pake. Yeye mwenyewe asionje hata kidogo. Wakati wa kufunga, Telesfori alikuja kuchukua kibuyu na kushuka nacho stoo ya chini.

Mtu mmoja tu alikataa. Ni Mzee Mwebesa, mfugaji, aliyekuja kutafuta blanketi.

"Mama, hiyo nusu nyingine anakula nani?"

"Anajua bosi, mzee wangu."

"Sisi zamani watu wakitaka undugu wa damu, ule wa omukago, walikula punje mbili za ganda moja. Huyu yake, huyu yake. Basi, mmeshakuwa ndugu. Akija kwako huwezi kumfungia mlango wala kumnyima chakula, mpaka unakufa." Akajikohoza. "Mimi ndugu nilionao wananitosha, na wote wanataka ng'ombe."

Jovitha akacheka. Wateja waliokuwa nyuma wakacheka zaidi.

Duka likazaa maduka. La pili likafunguliwa Omurushaka, la tatu Nkwenda kule Kyerwa, kila moja na mama yake mlangoni na kikapu chake. Bibi harusi ambaye gauni lake halikutoka Nyumba ya Telesfori alisemwa kanisani. Binti yake Jovitha, Adventina, naye alikuja kupima lake. Mama akapasua ganda kwa mikono yake mwenyewe, furaha imemjaa.

"Karibu, bibi harusi wangu. Tafuna."

Mwaka wa pili ndipo watu walipoanza kuchoka.

Haikuwa homa. Walichoka tu. Wauzaji wa Nkwenda walilala juu ya meza za vioo saa nne asubuhi. Mwalimu Dafroza, mteja wa siku nyingi, alikuja kumwona Jovitha, akainama hadi mkekani.

"Kuna mtu anakuja kwangu," alinong'ona. "Saa saba mchana. Hapigi hodi. Anakaa kwenye kochi nililonunua hapa."

"Ni nani?"

"Simjui. Ila nampakulia. Mikono yangu inampakulia yenyewe. Akiondoka, chakula kiko vilevile sahanini, lakini nikikionja ni kama natafuna karatasi. Halafu nachoka, Jovitha. Nachoka mpaka kwenye kucha."

Wengine wakaja na habari hiyohiyo. Mtu yuleyule, saa ileile, nyumba kumi kwa siku moja.

Watu wakaanza kurudisha vitu. Hawakudai chochote. Waliteremsha makochi na vitanda mlangoni, wakaondoka bila kugeuka nyuma. Nkwenda ikafungwa. Omurushaka ikafuata. Kayanga ikabaki wazi, lakini hakuna aliyeingia. Vumbi likatua hadi kwenye midomo ya masanamu.

Kisha simu ikapigwa kutoka Bugomora, alikoolewa Adventina. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane.

"Mama, anakuja hata huku."

"Anafanya nini?"

"Anakaa. Anatazama tumbo." Akashusha sauti. "Leo amesema. Amesema mtoto atampa jina yeye."

Jovitha akakaa chini. Alijua maana yake. Anayekula bila kupunguza chakula si mtu hai, na marehemu akimpa mtoto jina lake, huyo mtoto ni wake.

Mchana huo aliingia dukani. Telesfori alikuwa ameketi katikati ya masanamu, amekonda, suti inamcheza mwilini.

"Punje zile ulikuwa unampa nani?"

Telesfori hakushangaa. Alionekana kama mtu aliyengoja swali hilo muda mrefu.

"Kibanja hiki waliniuzia wakanificha kwamba kina kaburi. Nikachimba msingi, nikamkuta. Hakuna aliyewahi kumlilia. Hakuwa na ndugu hata mmoja." Akaonyesha sakafu kwa kidole. "Alinijia akasema, nitafutie ndugu, nami nitakujazia nyumba. Akaijaza. Hukuona?"

"Mwondoe kwa mwanangu."

"Undugu ule haufunguliwi, mama. Kila aliyetafuna ni ndugu yake. Lazima ampokee."

Jovitha alikuwa amechoka. Magoti, mgongo, kila kitu. Lakini akili yake iling'ang'ania neno moja.

"Kama ni ndugu yake Adventina," akasema polepole, "kwangu mimi ni nani?"

Telesfori akamtazama.

Kesho yake Jovitha akapanda bodaboda hadi Bugomora. Akamlaza Adventina chumbani. Yeye akakaa sebuleni, sahani mbele yake, akingoja.

Saa saba.

Kuku wakanyamaza uani. Hakuna hodi. Hakuna mlango uliolia. Alikuwa tu ameshafika.

Mwanaume wa kawaida. Suti mpya, lebo ya duka bado inaning'inia kwenye mkono wa koti. Viatu vina udongo mbichi. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Mikono ya Jovitha ikaanza kupakua yenyewe. Akaikunja kifuani kwa nguvu.

"Kwetu," akasema, "mtoto akiingia humsalimia mama yake kwanza."

Mtu yule akageuza shingo. Polepole sana. Midomo haikufunguka, lakini sauti ilisikika.

"Shikamoo, mama."

Jovitha alijua akiitikia, imekwisha. Akafumba macho.

"Marahaba, mwanangu."

Akavuta pumzi. "Sasa nisikilize. Mtoto wa dada yako atapewa jina na ukoo wa baba yake. Dada zako na kaka zako wote uwaache wapumzike. Ukisikia njaa, una kwenu. Unakula kwa mama yako, Chonyonyo. Si kwingine."

Alipofumbua macho, kiti kilikuwa kitupu.

Adventina alijifungua salama mtoto wa kike. Babu yake wa kuumeni akamwita Ainomugisha. Dafroza alipata nguvu, akarudi kufundisha. Herufi za dhahabu ziling'olewa, jengo likabaki ganda. Telesfori naye haonekani. Wengine wanasema alivuka kwenda Uganda, ingawa gari lake liko palepale.

Na Jovitha hupika vyakula viwili. Kila siku, saa saba. Wala halalamiki. Anachosema ni kwamba usingizi haumtoshi.

Juzi alitembelewa na Evangelina, katibu wa jumuiya yetu, anayezunguka na daftari la kaya. Akalifungua, akakunja uso.

"Mama Adventina, mbona hapa kwako kumeandikwa watu watatu? Mimi niliandika mmoja, na daftari hili halijatoka kabatini kwangu. Au Adventina amekuja na mtoto?"

"Hapana. Wako Bugomora."

"Basi watatu ni kina nani?" Akaipitisha namba kwa kidole. Kidole kikatoka na wino mbichi.

Jovitha alikitazama kile kidole, kisha akatazama mlangoni. Wawili aliwajua, yeye mwenyewe na yule mwanawe wa saa saba; wa tatu ndiye aliyekuwa anakuja. Halafu akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kuongeza ndizi kwenye sufuria.