Jawabu la Bi Mwantumu

Karaniruka aliingia Soko la Mitambo asubuhi, akielea usawa wa kichwa cha mtu mzima. Ukubwa wake ulikuwa wa sinia la pilau, ana jicho moja na sauti ya kijana aliyelelewa vizuri. Kila alipofika kwenye kibanda aliamkia, akaulizia hali ya nyumbani, kisha akauliza biashara zinaendaje. Mwenye kibanda akijibu, kibali cha mwaka kilikuwa kimeshatoka, ada imekadiriwa, na taa ya juu imewaka kijani. Nani katika jiji la Bandarikavu alizitamani tena zile foleni za zamani, za njoo kesho na faili lako halionekani? Hakuna hata mmoja.

Aliyembuni ni Mhandisi Nakunda Msuya, na wazo la kumpa adabu lilikuwa lake mwenyewe. Hakutaka mashine inayofoka kama askari. Alimfundisha kupima maneno, mtetemo wa sauti na joto la uso, ili atambue biashara iliyo hai na iliyokufa. Siku ya uzinduzi alipigiwa makofi mpaka akaona haya, zile haya tamu za mtu anayesifiwa.

Lakini asubuhi hii Nakunda alikuwa sokoni kwa sababu ya malalamiko. Kwenye safu ya mafundi wa miguu, wale wanaotengeneza miguu ya roboti wachukuzi wanaoteremsha mizigo kutoka reli ya sumaku, taa nyekundu zilikuwa nyingi. Kibanda cha Bi Mwantumu, chenye wateja kuliko vyote, kilikuwa chekundu pia. Kibao chake kilisomeka: BIASHARA MFU. MWINGINE ATAPEWA KIBANDA SAA SITA MCHANA.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe mwenye hili dude?"

"Ndimi. Naomba nisikilize ulivyomjibu jana."

Karaniruka akarudisha sauti. Kwanza ikasikika yake: "Na biashara zinaendaje, mama?" Kisha ya Bi Mwantumu, taratibu, akishusha pumzi: "Aa, biashara gani tena, baba. Hamna kitu. Tunabangaiza tu, siku ziende."

Nakunda akahisi masikio yanawaka moto. Baba yake alikuwa na duka la vipuri, limejaa watu mpaka barazani, na katika maisha yake yote hakuwahi kumjibu mtu zaidi ya hivyo. Nani mwenye akili atasimama mbele ya majirani aseme anapata? Husuda hiyo ataiweka wapi? Na yule asiyepata, anayemsikia, atalalaje? Ukiulizwa biashara unasema hamna kitu, na aliyekuuliza anaelewa unamshukuru Mungu. Mtoto wa miaka sita wa Bandarikavu anajua hilo. Mashine haikulijua kwa sababu aliyeifundisha hakuifundisha.

Na si kwamba alisahau. Hapo ndipo aibu ilipomkaba. Wakati wa majaribio aliviona vibanda vilivyojaa watu vikiwaka nyekundu, akaviandika kwenye ripoti kuwa ni hitilafu ndogo za sauti, kwa kuwa siku ya uzinduzi ilikuwa imekaribia na kadi za mwaliko zimeshatoka.

"Mama, tutalirekebisha," alisema. "Ila kwa sheria ya jiji, jawabu hulisahihisha mwenyewe mwenye biashara, kwa mdomo wake, hapa kibandani. Mwambie tu ukweli kwamba kazi unayo."

"Nimwambie hapa? Watu wote hawa wananisikia?"

"Sauti ya chini haipimiki vizuri, mama."

Bi Mwantumu aliutazama ule umati wa mafundi waliojifanya hawasikilizi. Bisibisi zilikuwa zimenyamaza safu nzima. "Mwanangu, huwezi kuniandikia wewe?"

"Siwezi." Na kweli hakuweza, maana kizuizi hicho alikiweka yeye mwenyewe, ili kuzuia hongo.

Mama wa watu akavuta kanga, akajifunika nusu ya uso. "Biashara yangu... ni nzuri," alisema.

"Tafadhali eleza zaidi, mama," Karaniruka akasema kwa upole.

"Ni nzuri sana. Wateja wananijia toka alfajiri. Napata. Haya, umeridhika?"

Mahali fulani mtu akacheka na kusema, "Kumbe bibie unazo!" Nakunda alidhani limekwisha. Karaniruka hakuwa amemaliza.

"Hongera, mama. Kumbukumbu zinaonyesha miguu kumi na tisa imeandikishwa kwako leo. Mezani naona kumi na sita. Mitatu iko wapi?"

Swali hilo lilitungwa ili kuwanasa wanaoficha kazi. Bi Mwantumu akautupia jicho wavu wa kibanda cha jirani. Kwenye kibao dakika zikaanza kuhesabika.

"Mama, mjibu," Nakunda alinong'ona. "Usipojibu atakuandika unakwepa ada."

"Nimeielekeza kwa jirani," mama alisema.

"Jirani yupi, mama?"

"Mzee Mbaruku. Kila siku naielekeza kwake miwili mitatu. Nawaambia wateja waipeleke wenyewe, wasiseme nimewatuma."

Taa ikawaka kijani. Karaniruka akashukuru, akamtakia baraka, akaelea pembeni.

Mzee Mbaruku alikuwa kibanda cha pili, nyuma ya wavu tu. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka juzi, na tangu hapo alipenda kuwaambia watu kwamba mteja aliyezoea kazi nzuri haendi pengine. Alisimama. Akaichukua miguu mitatu mmoja mmoja, akazunguka wavu, akailaza juu ya meza ya Bi Mwantumu bila kuigonganisha.

"Nadhani hii ni yako, dada."

"Mzee Mbaruku, tafadhali, sikuwa na nia..."

"Najua nia yako. Mungu akulipe." Akarudi zake kuketi, akaanza kufuta vyombo visivyo na uchafu.

Bi Mwantumu alilia waziwazi, kanga mdomoni. "Kibali nimepata, Mhandisi. Umenivua nguo, na yule mzee umemvua na yeye."

"Nisamehe, mama."

"Mimi? Kaombe pale."

Ilikuwa hatua sita tu. Nakunda alizitembea akitafuta neno, na katika miaka yote ya kuifundisha mashine maneno ya heshima hakupata hata moja la kumfaa mzee yule. Alifika, akasimama mbele yake, macho chini, mikono ameishika nyuma.

Mzee Mbaruku alinyanyua kichwa. Hakumuuliza kitu. Alikivuta kigoda chake cha pekee, akakipangusa kwa kitambaa cha kazi, huku mkono ukimtetemeka, akakisogeza kwake.

"Karibu ukae, mwanangu," alisema. "Leo nina nafasi."