Glasi Mbili za Svagdricka

Jumapili, saa nne asubuhi, Mzee Januari alirudi kwake Vårby gård, Uswidi, baada ya kulala kwa binti yake anayeishi Kista, kama kila Jumamosi. Mlango aliukuta umefungwa vizuri. Ukutani, kata ya kibuyu ambayo marehemu mkewe Flaviana alinywea mbege, pombe ya ndizi ya kwao Kibosho, haikuwepo. Mezani palikuwa na chupa ya svagdricka, pombe nyeusi tamu ya Waswidi ambayo Flaviana aliinywa kwa kukosa mbege, na glasi mbili.

"Ni Yassir," alimwambia Winifrida, mhudumu aliyekuja kumpima presha. "Jirani pekee mwenye ufunguo wangu. Nimeshamwita mwizi mbele ya watu. Kesho naenda polisi."

Jengo zima Januari hakuwa na rafiki mwingine, na Winifrida alilijua hilo. Akazitazama glasi. Moja ilipungua funda moja tu. Ya pili ilijaa pomoni, haijaguswa.

"Yassir anakunywa hii?"

"Hata kuinusa hataki."

"Kwenu Kibosho, mwenye pombe hufanya nini kabla ya kumpa mgeni?"

"Huonja kwanza, mgeni ajue haina sumu."

"Basi aliingia mtu mmoja, Mzee. Akaonja, akamjazia marehemu, asiyeweza kunywa." Winifrida alishusha sauti. "Ufunguo wa Mama Flaviana uko wapi?"

"Ulipotelea hospitali."

"Nani alikwenda kumwona kule?"

"Dominic. Mdogo wake."

Saa kumi jioni Dominic aliwafungulia mlango kwake Skärholmen. Kata ilikuwa mezani, wala hakuificha.

"Ufunguo alinipa dada mwenyewe," alisema. "Wewe shemeji ukamzika bila kuniambia. Nilisoma kwenye simu, siku tatu zimeshapita. Sikupata hata kumuaga, ndiyo maana jana nikaja kunywa naye."

"Ungetaka akazikwe Kibosho. Mimi hapa ningebaki na nani?"

Dominic alimsogezea kata. Januari akairudisha. "Ipeleke nyumbani Kibosho. Kaburi ninalo mimi."

Hasira hasara, na hasara ya Januari ilikuwa mlango wa pili kushoto. Saa moja jioni aliugonga, Winifrida nyuma yake.

"Nimekukosea, ndugu yangu. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe," alisema Yassir, aliyemletea vitumbua kila Ijumaa kwa miaka kumi na moja. Akamwekea ufunguo kiganjani. "Ila huu kaa nao mwenyewe."

Mlango ulifungwa taratibu. Januari alimgeukia Winifrida, akauliza, "Kesho utakuja mapema, mwanangu?"

"Kesho ni zamu ya mwingine, Mzee."