Nta Chini ya Rangi

Kitendawili! Sema "tega", nami nikutege. Nivike nguo tatu nyepesi, nitapendeza. Nivike moja nzito, nitatokwa na machozi hadi miguuni. Mimi ni nani?

Fikiri, usiogope. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Kisii yote, pamoja na ndizi zake? Asante, nimeupokea. Jibu ni bati linalopulizwa rangi. Ukilipuliza kidogo kidogo mara tatu, linakuwa zuri. Ukilimwagia yote kwa pupa, rangi inateremka michirizi kama mtoto aliyenyimwa uji. Pam alilijua jibu hilo. Lakini kulijua jibu si kuijua kazi yote, kama utakavyoona.

Pam alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Saba huko Tabaka, mji wa wachongaji wa mawe karibu na Kisii. Mama yake, Benta, alikuwa muuguzi aliyetoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi hapo. Jirani yao alikuwa mwanamke mzee aliyeitwa Drusilla. Pam alimwita Magokoro, maana ndivyo Wakisii wanavyomwita bibi.

Kila jioni, baada ya kuvua sare, Pam aliketi na Magokoro kando ya karai la maji. Wachongaji waliwaletea tembo, sahani na samaki wa mawe laini. Pam na Magokoro waliyasugua mawe hayo kwa msasa uliolowa, wakasuuza, wakasugua tena, mpaka jiwe likawa laini kama shavu la mtoto mchanga. Mwisho walilipaka nta kwa kitambaa, na jiwe likang'aa. Pam aliipenda sana hatua hiyo ya mwisho.

Jumamosi moja asubuhi Mjomba Okinyi, kaka yake Benta, alifika kutoka mjini Kisii. Huko alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta. Alikuwa amebeba kasha la kompyuta kuukuu, lenye kutu pembeni na mikwaruzo kila mahali.

"Hili ni kasha au kizimba cha kuku?" Pam akauliza.

"Cheka tu," Mjomba akasema. "Matumbo yake nimeyatengeneza, yako mjini yanafanya kazi. Jumanne kompyuta hii inakwenda kwenye chumba cha kusomea cha shule yenu. Sasa wewe na mimi tulivishe nguo mpya. Likitoka laini kama la kiwandani, likizo ya Agosti utakuja kibandani kwangu ujifunze kazi."

Moyo wa Pam uliruka. Tangu mwaka uliopita alikuwa akiomba nafasi hiyo, na kila mara Mjomba alimjibu kwamba bado ni mdogo.

Walilifungua kasha, wakaliosha kwa sabuni, wakalisugua kwa msasa mpaka kutu yote ikaisha. Mjomba alilifuta kwa kitambaa kikavu, akaliweka kwenye meza uani.

"Sasa nakwenda dukani kwa Mzee Anyona kununua rangi," alisema. "Kuna ya kijivu ya kutangulia, halafu ya bluu. Nikirudi nilikute hivi hivi. Usiliguse hata kwa kidole. Umesikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

Alisikia, ndiyo. Lakini alipobaki peke yake alilitazama lile bati, akaliona limefifia, halina mng'ao hata kidogo. Akawakumbuka tembo wa Magokoro. Akawaza, "Jiwe linang'aa kwa nta. Bati je? Mjomba atashangaa!" Akakimbia kwa jirani, akachukua kitambaa cha nta, akalipaka kasha kote kote. Likang'aa kweli. Akakirudisha kitambaa, akaketi ametulia kama mtu anayesubiri ibada ianze.

Mjomba alirudi, akavaa barakoa, akautikisa mkebe, akaanza kupuliza. Lo! Rangi ilikataa kukaa. Ilijikunja, ikakimbia huku na huku kama matone ya mvua kwenye jani la mgomba, ikaacha vishimo vidogo vidogo kila mahali.

"Ni nini hii?" Mjomba akaguta. "Miaka yote sijaona! Pam, kuna kitu kimegusa hapa?"

Pam alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Mjomba aliuinua mkebe na kuukodolea macho.

"Ni rangi hii! Imeharibika. Mzee Anyona ameniuzia uchafu!" Akashika njia kurudi dukani, hasira ikimtangulia.

Pam aliufunga mdomo wake. Alijiambia kwamba atasema baadaye. Akimwambia sasa, Agosti itakuwa imekwenda.

Magokoro alisikia kelele, akaja akijipangusa mikono. Alilitazama kasha, kisha akaagiza, "Lete karai. Rangi ikiwa mbichi hivi inatoka upesi."

Wakaanza kusugua kwa sabuni na maji ya moto. Muda si mrefu utando wa mafuta ukatanda juu ya maji. Magokoro aliuchota kwa ncha ya kidole, akaunusa. Alikuwa ameinusa harufu hiyo kwa miaka arobaini. Akamtazama Pam. Pam akayatazama maji.

"Sugua, mwanangu," Magokoro akasema. "Pembeni hapo bado."

Mjomba alirudi na mkebe mwingine. Mzee Anyona alikuwa amempa bila kugombana, ila alikuwa na mashaka.

"Ameniuliza swali," Mjomba akasema, akilifuta kasha kwa thina, ile dawa ya kuondoa mafuta na rangi. "Ati, rangi imekataa kwa nini? Anasema hajawahi kupata lalamiko. Mimi nijue wapi?"

Pam akainama kusuuza karai.

Safari hii Magokoro hakuondoka. Rangi ya kijivu ilipokauka, aliisugua taratibu kwa msasa mwembamba kabisa uliolowa, kama anavyosugua sahani zake. "Ninyi vijana mna haraka ya kufika kwenye rangi ya juu," alimtania Mjomba. "Ona, shika hapa. Unasikia chembe?"

"Sisikii kitu, Magokoro."

"Basi sasa ndipo upulize."

Jumapili, baada ya kanisa na kabla mvua ya alasiri haijakusanyika, walipuliza ile ya bluu. Mjomba alianza kupuliza nje ya ukingo wa bati, akapitisha mkono bila kusimama, akamalizia nje ya ukingo wa pili. Akangoja ikauke, Magokoro akapitisha msasa wake, kisha Mjomba akarudia. Mara ya tatu alimvika Pam barakoa, akamkabidhi mkebe.

"Mkono usikome. Ukikoma, kasha litalia."

Mkono wa Pam haukukoma. Rangi ilitua laini, sawasawa, kila mahali. Benta aliporudi kutoka kazini alisimama mlangoni akapiga makofi. Wote walifurahi. Pam naye alifurahi, lakini chakula kilimshuka kwa shida, na mama yake akadhani ni uchovu.

Jumatatu jioni, Mjomba alipokuwa akilirudishia kasha skrubu zake, walisikia pikipiki ikisimama. Alikuwa Mzee Anyona, amefunga katoni nyuma kwa mipira.

"Nimekuja kuona huyo mgonjwa wenu kabla sijafika Kisii," alisema. "Hii ni katoni nzima ya rangi ya kijivu. Namrudishia aliyeniuzia. Na mafundi wote nimewaambia wasiinunue tena kwangu. Sitaki mtu aseme Anyona anauza vitu vibaya."

Kisha akaliona kasha. Akalipapasa juu, akalipapasa ubavuni.

"Lakini hili limekubali! Na mkebe wa pili niliutoa katoni hii hii! Okinyi, ule wa kwanza ulikataa kwa nini?"

"Mzee, hata mimi silali kwa sababu ya jambo hilo," Mjomba akajibu.

Mzee Anyona akamgeukia Magokoro. "Mama, wewe ulikuwapo. Ilikuwa nini?"

"Yaya, hapana," Magokoro akatikisa kichwa. "Mimi nina jibu, lakini swali si langu."

Pam aliitazama ile katoni iliyofungwa kwa mipira. Alimtazama Mzee Anyona, ambaye alikuwa amefunga duka mapema kwa kosa lisilo lake. Akapiga hatua moja mbele.

"Ni mimi, Mzee. Nililipaka bati nta ya mawe, Mjomba alipokuja dukani kwako. Rangi yako haikuwa na kasoro. Halafu nikanyamaza."

Mzee Anyona akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Nta! Okinyi, ulinifokea mbele ya wateja kumbe mpwa wako amelipaka bati mafuta kama bibi harusi!"

Mjomba hakucheka. "Nisamehe, Mzee. Kesho nitakuja kukulipa mkebe wako, na nitakuomba radhi mbele ya hao hao wateja."

"Nisamehe na mimi," Pam akasema. "Kesho baada ya shule nitapita kwa mafundi mmoja mmoja, niwaambie rangi yako ni nzuri."

"Hapo tumeelewana," Mzee Anyona akasema, akaigeuza pikipiki kuelekea dukani.

Pam alimsogelea Mjomba. "Na Agosti, Mjomba? Bado nitakuja?"

Mjomba aliinama juu ya skrubu, akaendelea kuzikaza.

Magokoro akamshika Pam begani. "Sikiliza, mwanangu. Rangi haifichi kitu. Kilicho chini kitatokea juu, leo au kesho. Kukosea hukukosea peke yako. Mimi nimevunja tembo wengi kuliko meno yangu. Lakini kosa ukilifunika, linamchafua mtu mwingine asiyehusika. Ukilisema mapema, linaoshwa kwa maji na sabuni tu. Lako limengoja siku mbili, na umeona lilivyosafiri mpaka likapanda pikipiki."

"Nimeona, Magokoro."

Mjomba alikaza skrubu ya mwisho. Alilipangusa kasha, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama, kisha akamtazama mpwa wake.

"Jumatatu ya kwanza ya likizo," alisema. "Saa mbili asubuhi. Ukichelewa, nafunga mlango."