Pigo Alilolegeza Daphisha

— Unauza nini?

— Dramu. Zote, na matoazi yake. Bah Storwell wa kwaya anakuja saa nane na gari.

Wanphrang alisimama katikati ya barabara pale Laitumkhrah, mjini Shillong, mvua inamtwanga, mwavuli uko kwapani. Teksi ikampigia honi. Hakusikia.

— Daphi, subiri kwanza.

— Nisubiri nini? Si ulisema mwenyewe kompyuta inapiga vilevile? Sasa haya madude yananijazia chumba ya nini?

— Nilisema, lakini...

— Bah Wanphrang, nina shuka za mama zinaningoja. Kwaheri.

Simu ikakata.

Bah Wanphrang! Miaka mitatu alikuwa Wan tu, na siku za raha alikuwa Wanwan. Bah ni ya kaka wakubwa, ya madereva, ya muuza nguruwe pale sokoni. Jamaa alihisi kama kafungiwa mlango na mvua yote ile.

Akageuza, akakimbilia nyumbani kuchukua laptop. Saa sita ilishapita. Bah Storwell akifika kabla yake, basi.

Sasa ngoja nikupe chanzo. Bendi yao ilikuwa ya watu wanne, Wan gitaa, Daphisha dramu. Na Daphisha alikuwa akizipiga, we! Mapenzi yao hayakuwa siri, Shillong nzima ilijua. Kilichobaki kilikuwa Wan kufungasha mabegi. Kwa Wakhasi, kabila la milima hii ya India, kitindamimba wa kike ndiye anayebaki na nyumba na mama, mume ndiye anayehamia kwake. Wan kila akiulizwa alikuwa na jibu moja:

— Albamu ikiisha nahamia.

Mwaka jana mama yake Daphisha akapooza upande wa kushoto. Daphisha akakosa mazoezi wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Tarehe ya kurekodi ikakaribia. Wan akasema potelea mbali, akaweka mpiga dramu wa ndani ya kompyuta. Ile programu unaichagulia mtindo, inakupigia wimbo mzima bila kuomba hata chai.

Tatizo, ilipiga kama cherehani. Kila pigo nguvu ileile, sehemu ileile. Mpiga besi akacheka:

— Huyu mwanamuziki wako ni karani wa benki au?

Wan akaanza kuichezea. Pigo hili alilegeze kidogo, lile alicheleweshe kidogo, hapa toazi ligongwe kwa pembeni. Ikatoka kama mlevi anashuka ngazi. Mwisho akakumbuka ana rekodi ya mazoezi ya mwisho ya Daphisha. Akailisha ile programu, akaiambia imfuate huyu. Siku tatu alikaa kwenye kioo cha laptop anasogeza nukta za mapigo mojamoja, alipolegeza naye analegeza, alipochelewa naye anachelewa. Wimbo ukakaa. Ukakaa mpaka nywele zinasisimka!

Lakini hakumwomba. Daphisha aliposikia kwenye redio akapiga simu kuuliza nani kapiga dramu. Wan akaona haya, na haya yake huwa inatoka kama jeuri.

— Mashine, akajibu. Kusema kweli Daphi, hakuna tofauti.

Hakuna tofauti. Neno hilohilo. Toka siku ile Daphisha hakushika tena fimbo za dramu. Simu zikapungua zenyewe. Wimbo ukapanda, kila harusi unapigwa, na kwenye ukurasa wa bendi imeandikwa "Dramu: kompyuta". Miezi kumi Wan anaisoma hiyo anameza mate.

Alifika kwa kina Daphisha saa saba na nusu, kalowa chepechepe. Daphisha mwenyewe ndiye aliyefungua, mikono ina sabuni.

— Umekuja kuwabebea kwaya dramu?

— Nimekuja kukusikilizisha kitu. Dakika tano.

Kutoka chumbani sauti ya mama ikapasua. Mguu ndio haukuwa mzima, mdomo ulikuwa salama kabisa.

— Nani huyo? Yule wa gitaa?

— Ndiye, mama.

— Yule wa albamu ikiisha? Mwambie avue viatu! Na mpe tambuu, asije akasema nyumba hii haina adabu.

Wan akavua viatu. Dramu zilikuwa zimeshafungwa kwa mablanketi, zimepangwa ukutani. Akakaa sakafuni, akafungua laptop.

— Sikiliza hii.

Akapiga wimbo ule, ila zile nukta zote kazinyoosha. Tap, tap, tap. Cherehani.

— Mbaya, Daphisha akasema.

— Hii ndiyo mashine. Sasa hii.

Akaweka ule wa redioni. Safari hii gitaa na sauti za kuimba kazizima, zikabaki dramu peke yake. Daphisha alikuwa anafuta mikono kwa aproni. Mikono ikasimama.

— Rudisha.

Wan akarudisha.

— Huyo ni mimi.

— Ni wewe. Nilichukua ile rekodi yako ya mwisho nikailisha kompyuta. Nilidanganya, Daphi. Hakuna mashine inayopiga vile. Pale kila mistari minne unapolegeza, pigo linakuwa kama pumzi, watu wote wanapapenda hapo. Nilitaka ujue kabla hujauza. Tofauti ipo. Tofauti ni wewe.

Alitegemea machozi. Au kofi, angalilipokea vizuri tu. Daphisha alikaa taratibu juu ya dramu kubwa iliyofungwa blanketi.

— Unajua ile rekodi ni ya siku gani?

— Ya mazoezi ya mwisho.

— Ni siku mama alipoanguka. Dada ndiye aliyempeleka hospitali. Mimi nilitaka kwenda nao, ukanitumia meseji. Naikumbuka mpaka leo. "Usipokuja leo basi, tutatafuta mwingine." Nikaja.

Wan akaondoa mkono kwenye laptop.

— Simu niliiweka sakafuni karibu na mguu wangu. Wewe na gitaa lako mmefungua sauti mpaka mwisho. Ningesikiaje ikiita? Ndiyo nikawa nalegeza, Wan. Kila baada ya muda nalegeza kidogo, nasikiliza kama dada anapiga.

— Daphi...

— Na ninapochelewa, hapo nilikuwa nimeinama naangalia kioo cha simu.

— Sikujua. Haki ya Mungu sikujua.

— Ulisikia! Sauti yake ikapanda, kisha akaishusha kwa sababu ya mama. Siku tatu unachora nukta mojamoja. Ulilijua kila pigo nililolegeza, mpaka umeliweka kwenye kompyuta likae milele. Hukuwahi kuniuliza hata mara moja, Daphi, hapa ulikuwa na nini?

Wan akaisukuma laptop pembeni.

— Nitahamia, akasema mwishoni. Leo hii. Nitakusaidia kumgeuza mama, nitafua...

— Mwaka jana nilikuwa nalala kwenye kiti kando ya mama, nikisikia pikipiki nje nasema ni wewe.

Honi ikalia barabarani. Bah Storwell, kawahi. Daphisha akatoka mlangoni, Wan akamsikia anaongea kwa adabu zote:

— Samahani sana Bah, nimekusumbua bure. Nimeghairi, siuzi.

Moyo wa Wan ukaruka. Akasimama, akatabasamu kabisa. Daphisha akarudi, akamwona anatabasamu, akatikisa kichwa.

— Usinielewe vibaya. Dramu zinabaki. Anayeondoka ni wewe.

Jioni ile Wan alifungua ukurasa wa bendi, akafuta "kompyuta", akaandika "Dramu: Daphisha Kharbuli", na chini akaeleza kila kitu, pamoja na uongo wake. Watu wakamtukana, wengine wakamsifu kwa ukweli. Alikuwa anangoja jina moja tu. Likaja saa moja baadaye.

"Nimeona. Asante. Ila usiupige tena jukwaani na ile kompyuta."

"Nani apige basi?"

"Sijui."

Akaandika nisamehe, akafuta. Akaandika nakupenda, akaona imechelewa, akafuta nayo.

Jumamosi iliyofuata walikuwa na harusi mtaa wa Nongthymmai. Wamepiga nyimbo sita, watu wakaanza kupiga meza, wanautaka ule, ule wa redioni! Bwana harusi mwenyewe akaja mpaka jukwaani na jasho lake.

— Bah, mbona hivyo? Wimbo wenu mkubwa kuliko yote mnauficha wa nini?

Mpiga besi akamwangalia Wan. Laptop ilikuwa pale mezani, imefunguliwa, kidole kimoja tu na dramu zingeanza. Wan akaifunga.

— Huo hatuupigi, kaka. Mwenyewe hajaja.

— Atakuja saa ngapi?

Wan akainamisha kichwa kama anakaza nyuzi, na nyuzi zilikuwa zimekazwa zamani.