Zizi Tupu la Mama Minza

Katika soko la SIDO jijini Mbeya, watu wakipigana vikumbo, Anyitike alichota mchele kwenye gunia la mtu akaanza kutafuna punje. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa na miwani, kalamu mbili mfukoni.

"Kaka, ukishiba useme nikuletee na mboga," alisema mwenye gunia.

Ndiye Minza, binti wa Kisukuma kutoka bonde la Usangu, kitenge cha njano kimemkaa hasa. Anyitike akapaliwa. Aliondoka na mchele ambao hakuuhitaji, na namba ya simu aliyoihitaji sana.

Miezi mitatu simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. We umetafuna wa nani leo?"

Walipendana, tusifichane.

Kisha kazi ikaingilia. Anyitike alikuwa afisa ustawi wa jamii, akatumwa kijijini kwa akina Minza kuandikisha kaya maskini. Kwa Mama Minza, mjane, alikuta zizi tupu.

"Mama, mna ng'ombe wangapi?"

"Tuna Mungu, baba."

Mama yule hakulelewa kutaja idadi ya ng'ombe kwa mdomo. Kwao ni kuwaitia balaa. Anyitike, Mnyakyusa wa watu, hakujua. Akaandika sifuri, akiamini anamfanyia mkwe hisani, na kwenye mkutano wa kijiji akalisoma jina lake kabla ya mengine yote. Mama Minza akabeba kigoda chake, akaenda zake.

Jioni ile simu ikalia.

"Anyi, umemtangaza mama yangu fukara mbele ya kijiji kizima?"

"Nilimhurumia, mpenzi."

"Nani alikuomba huruma? Ungeniuliza mimi!"

Ikakatwa. Akapiga mara sita, haikupokelewa.

Asubuhi Verediana, Mbena, jirani wa Mama Minza, alimshika Anyitike mkono akampeleka nyuma ya nyumba yake, ambako ng'ombe mwekundu alikuwa akicheua.

"Huyu wa Mama Minza. Mume wangu alipokufa alimleta mwenyewe. Nakamua, wanangu wanakunywa, na yeye hajaomba hata kikombe. Tuko nyumba kumi na moja tunaokamua ng'ombe wake hapa kijijini."

Anyitike alizizungukia zote. Chuoni Iringa alisoma miaka mitatu jinsi jamii inavyowabeba wanyonge wake. Mama huyu hakukanyaga darasa, na amebeba nusu ya kijiji! Machozi yalimlengalenga, na wala hakuona haya.

Akaomba mkutano uitwe tena. Alisimama, akavua miwani.

"Nilitumwa kumtafuta wa kusaidiwa, nikamwandika anayesaidia. Mama, nisamehe."

Mama Minza akaelekeza kidole kwenye orodha.

"Futa jina langu, andika la mzee Filemoni. Yuko peke yake, na mikono yake haiwezi tena kukamua. Ng'ombe wangu hatamfaa, huo msaada wenu utamfaa." Akamgeuzia kidole Anyitike. "Na wewe, huna ng'ombe, huna mke. Maskini hasa ni wewe! Ng'ombe nitakupa ukamue. Mke kaombe mwenyewe."

Kijiji kikaangua kicheko. Nyuma ya watu alisimama Minza, aliyefika na basi la asubuhi, kajifunga khanga, akijikaza asicheke. Anyitike akamfuata.

"Minza, nilete wazee wangu kutoka Rungwe?"

"Walete," alisema, na kicheko kikamshinda. "Ila waje na ng'ombe wa kutosha. Si uliandika zizi letu tupu?"